Mawe ya Meeta

Niseme mapema ili tusije tukagombana mwisho: mama yangu si mchawi. Hapa kijijini kwetu Lepasoo wapo wanaosema hivyo, na wengine wanalisema nikiwa nimesimama nyuma yao dukani, wakijifanya hawajaniona. Wana midomo, waache. Mimi nitasimulia kama alivyonisimulia wifi yangu Raili, mke wa kaka yangu Tarmo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo. Alinisimulia mara moja tu. Nilipomwomba arudie, alinyanyuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, siku isiyo na lolote. Viazi vimeshachimbwa, njia imejaa tope, jua linajivuta tu juu ya miti. Raili alishuka kwenye basi la kutoka Tartu akiwa na mtoto kifuani. Mama alikuwa anamngoja kituoni na toroli la mizigo, kitambaa amekifunga mpaka kwenye nyusi. Tarmo hakuwepo. Tarmo alikuwa Ufini akijenga nyumba za watu, kama nusu ya wanaume wa kwetu.

Mtoto anaitwa Roosi. Wakati ule alikuwa bado mchanga, na alikuwa analia. Nikisema analia, sisemi kilio cha njaa au cha kulowa. Alikuwa anajikunja mgongo kinyumenyume, anakuwa mwekundu, analia mpaka sauti inakatika, anavuta pumzi, anaanza upya. Hospitali walimpima wakasema mzima, wakampa dawa ya matone. Matone hayakufanya kitu. Uzito ulikuwa haupandi, na mara ya mwisho daktari aliitazama mizani kwa muda mrefu bila kusema neno. Kimya kile ndicho kilichommaliza Raili. Kwa hiyo Mama alipompigia simu akamwambia, "Mlete saunani, ana miiba mgongoni," yule msichana wa mjini, aliyesoma mpaka chuo kikuu, hakucheka. Alifungasha nguo akaja.

Pale kituoni Mama alifunua blanketi, akamtazama mjukuu wake, akatema mate pembeni.

"Ana sura mbaya huyu," akasema.

Raili akalifunika blanketi haraka. Kwetu mtoto mchanga hasifiwi, jicho lisije likampata, na bibi anayempenda sana ndiye anayemtukana sana. Lakini Raili amekulia ghorofani Tartu, nani angemwambia? Neno lile alilimeza, likakaa. Kuanzia hapo kila alichofanya Mama alikitazama kwa jicho la pembeni.

Na vya kutazama vilikuwepo. Sauna yetu, chumba cha kuogea kwa mvuke, ni ile ya zamani, haina bomba la moshi. Moto unawashwa chini ya lundo la mawe, moshi unajaa humo ndani na kutokea mlangoni, na watu hawaingii mpaka kuni ziishe na moshi utoke. Kazi hiyo inamaliza mchana mzima. Raili alikaa dirishani jikoni, sahani ya viazi na nyama ya moshi mbele yake, mtoto akimlilia sikioni, akamwona Mama anakwenda na kuni, anarudi, anakwenda tena. Kila alipofika mlangoni pa sauna alisimama. Aliinamisha kichwa kama mtu anayetega sikio kwa jirani. Halafu akasema maneno mawili matatu kuelekea ndani, kwenye moshi, na kusubiri.

Mezani palikuwa na bakuli limefunikwa kitambaa. Raili alinyoosha mkono alifunue.

"Usiguse." Mama alikuwa amesharudi, yuko mlangoni na harufu yake ya moshi. "Ni unga wa shayiri. Si wa kula."

"Ni wa nini, Mama?"

"Wa kutolea miiba. Utamkamulia maziwa yako mgongoni, mimi nitamsugua kwa donge la unga huu. Vinatoka vinywele vigumu, kama vya nguruwe. Ndivyo vinavyomchoma akilala." Alikuwa ananawa mikono huku anaongea. "Lakini ukivuta, unavuta mpaka mwisho. Mwiba ukikatika, kilichobaki kinaingia ndani, na kikiingia hakitoki tena."

"Umeshawahi kufanya?"

Mama alijipangusa mikono. "Nimeona ikifanywa. Kwa mumeo, alipokuwa hivi."

"Na aliyemfanyia yuko wapi?"

"Amekufa," Mama akasema, akatoka tena na ndoo.

Raili akampigia simu mumewe. Kwa sauti ya chini, mgongo ameupa mlango.

"Mama yako anaongea na jiko la sauna."

"Anaongea nalo tangu nizaliwe," Tarmo akasema, na nyuma yake nyundo zinagonga. "Siku likimjibu ndiyo unipigie."

"Sitanii. Anasimama pale anasikiliza."

"Anasikiliza kama mawe yanapasuka, mke wangu. Jiko ni jipya, nimelijenga mimi Mei, yeye akiwa hospitali na nyonga yake. Mawe nimeyatoa Soone, ng'ambo ya kinamasi, kwenye sauna iliyoanguka. Yameshazoea moto, hayana tabu. Ningeokota mashambani ningepoteza likizo yote."

"Soone ni kwa nani?"

"Si kwa mtu. Ila usimwambie Mama, ataanza maneno."

Hapo niingilie kidogo. Mtu wa kwetu hachukui mawe ya sauna ya mwingine. Familia ikihama inabeba hata jiwe moja kutoka jiko la sauna yake, na yanayobaki yanaachwa yazame ardhini yenyewe. Tarmo analijua hilo. Lakini alikuwa na haraka, na kaka yangu akiwa na haraka hana adabu. Nyonga nayo ilikuwa uongo. Mimi peke yangu ndimi niliyejua ni nini kilichompeleka Mama hospitali mwaka ule, maana alinikataza kumwambia mwanawe.

Jioni haijaingia bado, Mama akaja kusema sauna iko tayari. Walivua nguo kwenye kibaraza cha mbele. Mama alivua vyote, akabaki na kitambaa kichwani.

Raili alilitazama lile.

Ndani kulikuwa na kadirisha kadogo kama daftari la shule, mwanga wake unaishia sakafuni. Kuta nyeusi kwa masizi. Raili amekwisha oga sauna maisha yake yote, mtu wa kwetu gani hajaoga, lakini za mjini zina taa na umeme. Hapa aliona mabega ya mama mkwe wake, na ule weupe wa kitambaa, na zaidi ya hapo akakisia. Alikaa benchi la chini, penye joto la kumfaa mtoto, Roosi kifudifudi mapajani. Roosi alikuwa analia.

"Salamu, sauna," Mama akasema. "Salamu, mawe. Tumemleta mtoto."

Akachota maji akamwagia jiko.

Mvuke mzuri unapanda. Unagonga dari, unateremka taratibu kwenye mabega, mtu unashusha pumzi. Raili akaungoja. Haukupanda. Mawe yalitoa sauti ndogo, ndefu, na joto likaja kwa chini, likipita sakafuni, likamgusa vifundo vya miguu, magoti, likaishia mapajani pale alipolala mtoto. Usoni hakusikia kitu. Mabegani alikuwa na baridi.

"Umeingia na hasira humu?" Mama akauliza gizani.

"Hapana."

"Tangu Mei mvuke wa humu hauna tabia nzuri. Nikadhani ni uzee wangu. Sasa umezidi." Akaweka ndoo chini. "Kama una neno na mimi, liache nje. Humu hapagombwi."

Kwa hiyo Mama naye alikuwa anamshuku. Raili anasema ule ndio wakati alipotaka kuondoka, na angeondoka, lakini Roosi alijikunja tena akalia ile ya kukatika sauti. Mwanamke akisikia mtoto wake vile, anakubali chochote. Akaminya titi, maziwa yakadondoka kwenye mgongo mdogo. Mama akapiga magoti mbele yake, akaanza kusugua na donge. Polepole, kwa kuzungusha, akinung'unika kitu chini ya pumzi.

Vikaja. Raili aliinama mpaka pua ikakaribia ngozi, akaviona katika ule mwanga wa sakafuni: vinywele vyeusi, vifupi, vimesimama katikati ya mabega. Mama alivinyofoa kimoja kimoja akavipachika kwenye donge. Kilio kilipungua. Kikawa kwikwi. Raili alitokwa machozi, akajilaumu kwa yote aliyomwazia mama mkwe wake mchana kutwa.

Kisha Mama akashika kingine.

Hiki hakikunyofoka. Alivuta, kikaja. Akavuta tena, kikaja. Kikafika urefu wa kidole. Kikafika urefu wa mkono. Mama akakizungusha kwenye kidole chake na kuendelea, taratibu. Kilikuwa chembamba. Kilikuwa na mvi.

Roosi alinyamaza kabisa.

"Mama," Raili akanong'ona. "Hiyo ni nini?"

"Usitikisike."

"Hiyo ni nywele ya mtu mzima."

"Naiona."

"Ni yako. Umeificha kwenye unga."

Mama hakugombana. Kwa mkono wa kushoto alifungua kitambaa, kikaanguka. Akaushika mkono wa Raili, akauweka juu ya kichwa chake. Kilikuwa na upara. Vinywele vichache laini tu, kama vya mtoto wa juzi. Dawa za saratani alizopewa hospitali zilikuwa zimeondoa nywele zote.

Raili akaurudisha mkono.

"Tarmo aliyatoa wapi mawe haya?" Mama akauliza. Alikuwa bado anavuta.

Raili alikuwa ameambiwa asiseme.

"Mwanangu. Aliyatoa wapi?"

"Soone."

Mkono wa Mama ukasimama. Uzi wa mvi ulikuwa umekazika kati ya kidole chake na mgongo wa mtoto. Nyuma yake, kwenye jiko la sauna, mawe yakatoa sauti tena, ile ndefu, na hakuna aliyekuwa ameyamwagia maji.

"Meeta," Mama akasema, si kwa Raili. "Meeta, mwache. Ni mimi niliyesema yale. Huyu hakusema kitu."

Joto likapanda kutoka sakafuni. Roosi aligeuza shingo, mtoto ambaye hata kichwa alikuwa hajaweza kukiinua. Akatazama jiko.

"Niletee taa ya kibarazani, hapana, usinyanyuke," Mama akanong'ona. "Mshike hivyohivyo. Bado kidogo. Nauona mwisho wake. Usiikate."

Sasa jiweke mahali pa Raili. Bibi kizee mwenye upara, gizani, anazungumza na mtu asiyeonekana, na kidoleni mwake amemfunga mtoto wako kwa nywele. Ungefanya nini? Mimi ningefanya alichofanya yeye. Alimkumbatia Roosi akanyanyuka.

Nywele ilikatika. Alisikia ilivyokatika, anasema, sauti ndogo tu, kama uzi wa kushonea. Mama alitoa pumzi iliyotoka ndani sana. Raili akaupiga mlango teke akatoka, uchi, na tope la baridi likampokea miguuni.

Nje palikuwa bado na mwanga. Ng'ombe wa jirani alikuwa anatafuna majani kwenye ua. Raili alimgeuza mtoto, akampangusa mgongo kwa kiganja. Ulikuwa laini na mweupe, hakuna kitu. Roosi alikuwa macho, anamtazama, ametulia.

Usiku ule Roosi alilala mpaka asubuhi. Aliporudi Tartu alinyonya mpaka maziwa yakawa hayamtoshi, na daktari safari hii aliitazama mizani akacheka. Raili alinipigia simu akaniambia mambo mawili kwa pamoja: mtoto amepona, na mama yangu hatamgusa tena. Alikuwa bado anaamini ile nywele ilitoka kwenye bakuli. Mtu anaweza kununua nywele za mvi, alisema, au kuziokota mahali. Nilimjibu vibaya. Siku hizo nilikuwa upande wa mama yangu.

Basi nikaenda kumuuliza Mama mwenyewe. Nilimkuta anasukuma toroli kuelekea kinamasini, lina jiwe moja tu, maana nguvu zake ziliishia hapo. Alikuwa anayarudisha Soone. Nilitaka kumsaidia akakataa, akanisimulia tukiwa njiani.

Meeta wa Soone ndiye aliyekuwa mtoa miiba wa kijiji kizima. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na nywele ndefu ajabu ambazo hakuzifunga hata saunani. Kila mtoto wa Lepasoo alipita mikononi mwake, na mimi nilipita, na Tarmo alipita baada yangu. Lakini baada ya Tarmo kutulia, Mama akaona kitu kisichompendeza. Mtoto alikuwa akisikia sauti ya Meeta anamwacha mama yake na kumnyooshea yule mikono. Mama akaona wivu. Akasema dukani, mbele ya watu, kwamba Meeta hatoi miiba, anaiba watoto. Neno lile lilitosha. Hakuna aliyempelekea mtoto tena. Majira ya baridi yaliyofuata walimkuta saunani kwake, amekaa benchi la chini, jiko limepoa siku nyingi, mapajani ameweka taulo dogo lililokunjuliwa vizuri, kama mtu anayesubiri kupewa mtoto.

"Alikuwa mchawi au hakuwa?" nikamuuliza.

"Sijui, Airi," Mama akasema. "Nilisema bila kujua. Ndiyo shida yenyewe."

Aliyarudisha mawe yote kabla theluji haijaanguka. Juu ya mawe aliacha jozi ya glavu za sufu alizofuma mwenyewe, za kuomba radhi. Majira ya machipuko nilikwenda kutazama. Mawe yapo, glavu zipo, hata panya hakuzigusa. Nikaona hazikupokelewa, lakini sikumwambia.

Raili ndiye aliyekuja kwangu safari hii, pamoja na Roosi aliyekuwa anakaribia miaka miwili. Alikuwa amekonda. Alikaa jikoni kwangu ndipo akanisimulia yote, na kwa alivyosimulia nikajua hakuja kumsema Mama.

"Halii," akasema.

"Si ndivyo mlivyotaka?"

"Airi, halii kabisa. Alianguka ngazi akapasuka kidevu, wakamshona, akawa anamtazama daktari tu. Anamtazama kama anamvumilia. Usiku nikiamka namkuta amekaa kitandani, macho wazi, mapajani amekunjua taulo." Akashusha sauti. "Na mimi haniiti Mama. Hanikatai, ananisikiliza, anakula. Lakini hajawahi kuninyooshea mikono."

Nilimsogezea kikombe cha chai. Mtoto wangu Mattis alikuwa na wiki chache, na tangu asubuhi alikuwa analia chumbani, kile kilio cha kujikunja mgongo. Nilikuwa nimeshaanza kukiogopa. Tukiwa hapo mezani tunatazamana, kilio kikakatika.

Tulikimbia wote wawili. Roosi alikuwa amesimama kwenye kiti kando ya kitanda cha mtoto, ameufunua mgongo wa Mattis, na kiganja chake kidogo kinazunguka katikati ya mabega. Polepole, kwa kuzungusha. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Mdomoni alikuwa ananung'unika. Mattis aligeuza shingo akamtazama yeye, si mimi, akamnyooshea mikono.

Raili alimvuta mwanawe wakaondoka na basi la jioni hiyohiyo. Nilimbeba Mattis nikambadilisha nguo. Kwenye shuka lake kulikuwa na unywele mmoja wa mvi, mrefu kuliko mkono wangu, umelowa, una harufu ya moshi. Nyumbani kwangu hakuna mwenye mvi wala hakuna sauna. Niliutupa kwenye jiko la jikoni, ukakataa kushika moto, nikaufunga kwenye gazeti nikaenda kuuzika mbali.

Hayo yalitokea kabla ya Pasaka. Mpaka leo Mattis hajalia.